Maji Machafu ya Mawese: Takataka au Malighafi?



Somo letu la safari hii linahusu kitu ambacho wengi wetu tunakikanyaga kila siku bila kukitazama. Ni yale maji ya rangi ya udongo, mazito, yenye povu na harufu ya kuchacha, yanayobaki baada ya mawese kuenguliwa. Huko Rumonge, na katika pwani yote ya ziwa mpaka Nyanza-Lac, mchikichi ndio mti wa riziki. Mafuta yake huenda sokoni, huenda jikoni, na huenda Bujumbura kwenye kiwanda cha sabuni cha Savonor. Maji yake huenda mtaroni.

Siku hizi wataalamu wanasema kuwa maji hayo, pamoja na mabaki ya matunda mengine, yanaweza kulisha bakteria, na bakteria hao wakatengeneza plastiki inayooza. Je, ni kweli? Ikiwa ni kweli, faida itakuwa ya nani na hatari itakuwa ya nani? Mfanyakazi asiyejua thamani ya kile anachokishika hawezi kukidai. Basi tuanze tangu mwanzo.

1. TUNACHOKITUPA

Katika kiwanda kikubwa, ukiingiza tani moja ya mikungu ya chikichi, mafuta yanayotoka ni kama kilo 200 au zaidi kidogo. Mikungu mitupu ni kama kilo 220. Nyuzi ni kama kilo 130 hadi 150, na vifuu vya kokwa ni kilo 50 hadi 70. Katika mashine zetu ndogo mafuta hupungua na mabaki huongezeka, kwa sababu ukamuaji wetu hauna nguvu ya kutosha.

Mabaki makavu yana kazi yake. Nyuzi na vifuu huwashwa moto wa kuchemshia chikichi. Mikungu mitupu ikirudishwa shambani hurutubisha ardhi, maana ina potasi nyingi. Hata jivu lake, katika nchi nyingi zenye michikichi, limetumika tangu zamani kutengenezea sabuni.

Lakini maji hayana mwenyewe. Viwanda vikubwa hutoa tani mbili na nusu hivi za maji machafu kwa kila tani moja ya mafuta. Sehemu kubwa ya uchafu huo, zaidi ya asilimia 90, ni maji matupu. Kilichobaki ni chembechembe za tunda, sukari, na mafuta kidogo yaliyoponyoka, chini ya asilimia moja. Ni chakula kilichokorogwa ndani ya maji, wala hakuna sumu iliyotiwa humo. Na hapo ndipo penye faida na penye hatari pia.

2. ZIWA LINADAIWA

Mtu akisema, "Kama ni chakula, basi samaki watakula," anakosea. Kabla ya samaki, wapo viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Wakiona chakula kingi namna hiyo huzaana kwa wingi, na kila mmoja huvuta oksijeni iliyomo majini. Wataalamu hupima uchafu kwa kiasi cha oksijeni utakachokula. Maji taka ya mji hula kama miligramu 250 au 300 kwa lita moja. Maji ya mawese hula kama miligramu 25,000.

Sasa tufanye hesabu. Lita moja ya maji safi ya ziwa, kwa joto la kwetu, ina miligramu 8 hivi za oksijeni. Kwa hiyo lita moja tu ya maji ya mawese inaweza kumaliza oksijeni ya lita zaidi ya 3,000 za maji safi. Ndoo moja inayomwagwa mtoni si jambo dogo kama linavyoonekana.

Ziwa Tanganyika ni refu kwenda chini karibu meta 1,470, na mtu anaweza kudhani kwamba kina hicho kitameza kila kitu. Lakini chini ya meta mia moja au mia mbili hivi ziwa hili halina oksijeni. Ndagala na mukeke tunaowala wanaishi katika tabaka la juu, na samaki wengi huzalia kandokando, pale pale mito na mitaro yetu inapoingia. Tena maji ya ziwa hutoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, na kuyabadilisha yote huchukua mamia ya miaka. Mkamuaji wa Rumonge anapomwaga, mvuvi wa Rumonge ndiye anayelipa, na pengine watu hao wawili wanakaa nyumba moja.

3. BAKTERIA WANAOJIWEKEA AKIBA

Mwaka 1926 mtaalamu mmoja wa Ufaransa, Maurice Lemoigne, aligundua kwamba bakteria fulani huwa na vitone vyeupe ndani ya mwili wake. Vitone hivyo ni akiba. Kama mtu anavyonenepa wakati wa mavuno, bakteria naye akipata chakula kingi cha kutia nguvu, lakini akakosa kitu kingine cha kumkuza, mathalani nitrojeni, hawezi kuzaana. Basi chakula kile hukigeuza kuwa akiba na kukiweka ndani.

Akiba hiyo ikitolewa na kukaushwa ni plastiki halisi. Huyeyuka kwa moto na huingia katika kalibu ya chupa, sahani au mfuko. Jina lake ni refu, kwa hiyo tutaiita kwa herufi zake, PHA. Wapo bakteria ambao, wakilishwa vizuri, asilimia 80 ya uzito wao mkavu huwa ni PHA.

Tofauti yake na plastiki ya mafuta ya petroli ni hii: kwa kuwa ilitengenezwa na kiumbe iwe chakula chake, viumbe wengine nao wanaweza kuila. Ikiwa ardhini au majini, huliwa na bakteria mpaka ikaisha. Lakini tusidanganyane. Huchukua miezi, na kitu kinene chaweza kuchukua miaka. Mfuko wa PHA ukitupwa ufukweni leo, kesho utakuwa pale pale. Plastiki inayooza haimpi mtu ruhusa ya kutupa ovyo.

4. KUTOKA SHIMONI HADI PLASTIKI

Kazi hii ina hatua nne, nasi tutazieleza kwa maneno ya kawaida.

Kwanza ni kuchachusha. Maji machafu huwekwa katika tangi au shimo lililofunikwa lisiingie hewa. Bakteria wa aina moja huvunja sukari na mafuta kuwa asidi ndogondogo, kama ile iliyomo katika siki. Sisi tunaifahamu hatua hii kwa pua, maana ndiyo harufu ya mtaro wetu. Tofauti ni kwamba ndani ya tangi huongozwa, na kwenye mtaro hujiendea.

Pili ni kulisha. Maji hayo ya asidi hupelekwa katika tangi lingine linalopulizwa hewa kwa nguvu. Humo wamo bakteria wa plastiki. Hulishwa, huachwa wazaane, kisha hunyimwa nitrojeni ili waanze kuweka akiba. Pampu ya hewa haipumziki usiku wala mchana. Umeme ukikatika kwa muda, bakteria hukosa pumzi na kazi huharibika.

Tatu ni kuvuna. Bakteria hutenganishwa na maji na kukaushwa, kisha hupasuliwa ili plastiki itoke. Viwanda vingi vimetumia dawa kali: klorofomu, dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, au soda kali kama ile ya sabuni. Huko Malaysia, nchi ya michikichi mingi, watafiti wa chuo kikuu cha Universiti Sains Malaysia wamejaribu njia nyingine. Bakteria waliokaushwa hulishwa mabuu ya mbawakawa wa unga. Mabuu huyeyusha mwili wa bakteria, nayo plastiki hutoka pamoja na kinyesi chao, kisha ikaoshwa.

Nne ni kuyeyusha plastiki hiyo, kuichanganya na vitu vya kuilainisha, na kuitia katika kalibu.

Njia hii si ya mawese peke yake. Maganda ya nanasi, makapi ya maembe na maji ya kuoshea matunda katika viwanda vya vinywaji yana sukari, na sukari nayo ni chakula cha bakteria hao. Lakini kwa uzito ule ule, mafuta hutoa plastiki nyingi kuliko sukari. Kilo moja ya sukari hutoa robo kilo mpaka nusu kilo hivi ya PHA, na kilo moja ya mafuta yaweza kutoa zaidi ya nusu. Kwa sababu hiyo macho ya wataalamu yameelekea kwenye mchikichi.

5. HESABU YA KALAMU NA KARATASI

Chukua mashine zilizokamua jumla ya tani moja ya mafuta na kutoa tani mbili na nusu za maji machafu. Ndani ya maji hayo, chakula kinachoweza kuliwa na bakteria, kikipimwa kwa oksijeni inayohitajika kukiunguza chote, ni kama kilo 125. Nusu yake ikigeuka kuwa asidi ni kama kilo 60. Katika hizo bakteria watatengeneza plastiki ya kilo 20 hivi, na baada ya kuvuna na kupoteza kidogo hapa na pale tutabaki na kilo 15. Mfuko mwepesi wa sokoni ukiwa na gramu 5, hiyo ni mifuko 3,000.

Si haba. Lakini tuilinganishe na bei. Bei ya PHA duniani imekuwa dola 4 mpaka 6 kwa kilo, wakati plastiki ya petroli ni dola 1 au zaidi kidogo. Kilo 15 kwa dola 5 ni dola 75, na humo utoe umeme, dawa, matangi na mishahara. Tani moja ya mafuta yenyewe huuzwa kwa karibu dola 1,000 katika soko la dunia. Kwa hiyo atakayetuambia kwamba maji machafu yatatupa utajiri kuliko mafuta, tumwombe kalamu yake tuone alivyohesabu.

Hesabu hiyo inatufundisha mambo mawili. La kwanza, mashine moja peke yake haiwezi. Maji ya mashine nyingi yangepaswa kukusanywa pamoja, tena upesi kabla hayajaharibika. La pili, iko njia rahisi zaidi ya kuanzia, nayo ni gesi. Mita moja ya ujazo ya maji ya mawese, ikiozeshwa bila hewa mpaka mwisho, hutoa mita 28 hivi za gesi ya kuwaka. Zile tani mbili na nusu zingetoa mita 70, ambazo joto lake ni kama la kilo 100 za kuni kavu. Kuni hizo leo tunazikata au kuzinunua ili tuchemshe chikichi.

Na angalieni, ndugu, jambo moja la maana sana: hatua ya kwanza ya gesi na hatua ya kwanza ya plastiki ni ile ile. Zote mbili huanza na tangi lililofunikwa. Anayejenga tangi leo kwa ajili ya gesi hajapoteza kitu. Siku ya plastiki ikifika, nusu ya njia ameshaikata, na tangu siku ya kwanza ziwa limepumzika.

6. YALIYOWAPATA WENGINE

Plastiki hii imeshaahidiwa mara nyingi. Kampuni ya ICI ya Uingereza iliitengeneza katika miaka ya 1980, na mwaka 1990 chupa za shampuu za PHA ziliuzwa Ujerumani. Biashara hiyo ilifika mikononi mwa Monsanto ya Marekani mwaka 1996, na miaka michache baadaye Monsanto iliiacha. Mwaka 2010 kampuni za Metabolix na ADM zilifungua kiwanda huko Clinton, katika jimbo la Iowa, chenye uwezo wa kutoa tani 50,000 kwa mwaka. Januari 2012 ADM ilijitoa kwa kuwa soko halikuja kama ilivyotarajiwa. Mwaka 2025 kampuni nyingine ya Marekani, Danimer Scientific, ilifilisika.

Wapo waliosimama. Kampuni ya Kaneka ya Japani inatengeneza PHA kwa mafuta ya mimea, na mwaka 2019 ilipanua kiwanda chake kufikia tani 5,000 kwa mwaka.

Hatusemi haya ili kuwavunja moyo. Tunasema ili anapokuja mtu na ramani ya kiwanda, swali letu la kwanza liwe: nani atanunua, na kwa mkataba wa miaka mingapi? Sheria imefungua mlango. Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, na Tanzania Juni 2019. Kwetu Burundi amri ya rais ilitolewa Agosti 2018, ikatoa muda wa miezi 18. Lakini mlango wa sheria ukifunguliwa, bidhaa ya kwanza kuingia ni ile ya bei ndogo. Mfuko wa karatasi, kikapu na jani la mgomba vimo sokoni tayari.

7. USALAMA KAZINI

Sehemu hii tunaomba isomwe kwa sauti katika kila kikundi.

Shimo lililofunikwa lenye maji yanayooza hutoa gesi. Ipo inayowaka, na ipo inayoua. Gesi yenye harufu ya yai viza, ikizidi, huua uwezo wa pua kunusa, na mtu hudhani imekwisha. Mtu huingia kuzibua bomba, akaanguka. Mwenzake huingia kumwokoa, naye akaanguka. Kwa hiyo hakuna mtu kuingia katika tangi au shimo ambalo hewa yake haijapimwa na kubadilishwa. Anayeingia lazima afungwe kamba, na abaki mwenzake nje wa kumvuta. Ukimwona mwenzako ameanguka ndani, usiingie: vuta kamba na ita watu.

Maji ya mawese yana asidi. Dawa ya klorini ikikutana na asidi hutoa hewa ya sumu. Vitu hivyo viwili visiwekwe stoo moja wala visipite bomba moja. Klorofomu hudhuru ini na hulevya, na soda kali hula ngozi na macho, kama wajuavyo watengenezaji wa sabuni. Anayesema njia yake ni safi aonyeshe kwanza dawa anazotumia, glavu na miwani atakazotoa, na maji ya kunawia yaliko.

8. TAKATAKA NI YA NANI?

Kitu kikiitwa takataka hakigombewi. Siku kikiitwa malighafi, wenyewe hujitokeza. Katika ukamuaji wetu, pengine mwenye chikichi si mwenye mashine, na anayekoroga pipa lenye moto si mmoja wa hao wawili. Maji yanayobaki ni ya nani? Hakuna aliyewahi kuuliza, kwa kuwa hakuna aliyeyataka.

Rumonge inayajua maswali ya namna hii kuliko miji mingi. Baada ya mwaka 1972 watu wengi wa pwani hii walikimbia, na waliporudi miaka mingi baadaye walikuta mashamba yao yana wenyewe wengine, mengine yakiwa yamepandwa michikichi ya miradi ya serikali. Mashauri yake yaliwachosha watu kwa miaka. Funzo tunalolipata ni kwamba haki isiyoandikwa mapema huandikwa baadaye na mwenye nguvu.

Basi kabla ya tangi la kwanza kujengwa kwa fedha za mtu yeyote, makubaliano yaandikwe: nani anatoa maji, kwa bei gani, nani anabeba, nani anapata gesi, na kibarua anapata nini katika kila kilo itakayouzwa. Tusisahau pia wale wanaoishi kwa mabaki, mama anayechukua vifuu vya kupikia na mkulima anayechukua mikungu mitupu kwa shamba lake. Mradi mzuri hauanzi kwa kumnyang'anya maskini kuni zake.

9. LA KUFANYA SASA

Hatuna haja ya kungoja kiwanda. Ndoo, daftari na saa vinatosha kuanzia. Kila kikundi kichague mashine moja, na kwa mwezi mmoja kipime: mikungu iliyoingia, mafuta yaliyotoka, ndoo za maji yaliyomwagwa, na mahali yalipokwenda. Kikundi kikiwa na daftari la namna hiyo kitazungumza na mwenye mashine, na mkuu wa tarafa au mtaalamu yeyote, kikiwa na hesabu yake mkononi. Kisicho nalo kitasomewa hesabu ya wengine.

Wakati huo huo, maji yasiende mtoni. Mashimo mawili au matatu yanayofuatana, mbali na visima na mbali na ukingo wa ziwa, hupunguza madhara mengi. Tumeona tangu 2020 jinsi ziwa lilivyopanda na kuingia majumbani. Shimo lililochimbwa karibu na maji litachukuliwa na maji.

Bakteria hawana haraka. Watakula kile tutakachowapa, mahali tutakapowapa: ziwani wale pumzi ya samaki, au tangini watupe moto, na pengine siku moja plastiki. Kuchagua mahali ni kazi yetu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini lita moja ya maji ya mawese inaweza kuharibu lita nyingi za maji ya ziwa?
2. Bakteria huweka akiba ya plastiki wakati gani? Mnaweza kutoa mfano kutoka maisha ya kawaida?
3. Katika mashine mnayoifahamu, maji machafu yanakwenda wapi, na nani anaishi chini ya mtaro huo?
4. Mtu akija kesho akitaka kununua maji hayo, nani angetia saini kwa niaba yenu, na mngedai nini kwanza?
5. Je, mahali penu pa kazi lipo shimo au tangi ambalo watu huingia bila kamba? Mtafanya nini kabla ya mkutano ujao?